Nendeni kwa Amani

Mpwa wangu amenipigia simu kutoka Itumba kuniuliza habari za jiwe. Wanabomoa kanisa la zamani, lile la matofali ya udongo, kwa kuwa jipya limekwisha na la zamani limeanza kuanguka lenyewe. Chini ya dirisha moja mafundi wamekuta jiwe la kusagia limezama ardhini, limebaki mgongo tu. Mzee mmoja akawaambia wasilivunje, jiwe hilo ni la ukoo wetu. Sasa kamati ya ujenzi inataka kulichukua na kulijengea ndani, chini ya madhabahu, liwe heshima ya babu. "Mama mkubwa, unasemaje?" Nikamjibu nitafikiri. Ukweli nilikuwa nimechoka. Siku hizi nachoka hata na simu. Kila anayepiga anataka nimkumbukie jambo, maana wale niliokuwa nakumbuka pamoja nao wamekwisha mmoja baada ya mwingine.

Basi naandika, nikimaliza nipumzike. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Vijana watasema bibi anatia chumvi, na wana haki yao.

Babu yangu mzaa baba aliitwa Amani. Jina hilo alijichagulia mwenyewe siku ya kubatizwa, aliporudi kutoka vita vya Wazungu, vile vya kwanza, ambako alibebeshwa mizigo mpaka ukucha wa dole gumba la mkono wa kulia ukang'oka usiote tena. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Alioa mke mmoja, bibi yetu, akazaa naye wana wanne, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa kabla mimi sijazaliwa. Kila asubuhi kukipambazuka alipita nyumba za wanawe, moja baada ya nyingine, akasimama uani kwenye umande na kumwombea kila mtu wa nyumba ile kwa jina. Sisi watoto tulikuwa tukisikia majina yetu tukiwa bado chini ya blanketi. Mimi nilidhani ndivyo Mungu anavyohesabu watu wake, kwamba babu asipopita siku moja tutasahaulika.

Nyumbani tulisema Kindali. Kiswahili kilikuwa cha kanisani na cha karani wa boma, na mimi nilikijua vipandevipande. Neno moja nililolijua vizuri ni "kwa": kwa shangazi, kwa mjomba, kwa chifu. Basi ibada ikiisha, mchungaji akiinua mikono na kusema, "Nendeni kwa amani," mimi nilisikia amri iliyo wazi kabisa. Nendeni kwa Amani. Na watu walikwenda! Kanisa lile lilikuwa na watu wa mbali, waliopanda na kushuka milima tangu alfajiri, na babu hakukubali mtu arudi kwake na njaa. Alisimama mlangoni akiwashika mikono, kisha akatangulia njia, nao wakamfuata mpaka uani kwake, wakala maboga, maharage na ndizi za kuchemsha. Mimi nilitembea katikati yao nimeinua kidevu. Ni mtoto gani mwingine ambaye nyumba ya babu yake ilitajwa kanisani kila Jumapili?

Mtu mmoja tu sikuwahi kumwona akitii amri ile, naye ni mama yangu.

Mama hata kanisani hakuingia. Alikaa nje, chini ya dirisha la upande wa wanawake, amejifunika kitenge kichwani, mimi nikiwa mapajani mwake au nikicheza kwenye matope. Aliimba nyimbo zote kutoka pale nje. Mchungaji alipokaribia mwisho, mama aliondoka upesi kwa njia ya nyuma, ya migombani. Siku moja nilimuuliza, "Mama, mbona wewe huendi anakotutuma mchungaji?"

"Anakotutuma wapi?"

"Kwa Amani."

Alinifunga mdomo kwa kiganja, akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Mwanangu, hayo maboga unafikiri nani anayapika?" Halafu kicheko kikamwisha. "Wewe litaje. Kinywani mwangu jina hilo halipiti."

Kweli halikupita. Kwetu mkamwana alimcha baba wa mumewe. Hakumtazama, hakukaa naye chini ya paa moja, hakulitaja jina lake wala neno lolote linalofanana na jina hilo. Wakikutana njiani, mwanamke alitoka njiani, akachutama kwenye majani na kumpa mgongo mpaka apite. Mwanamume mwenye adabu naye alisaidia. Babu akikaribia nyumba yetu au shamba letu alianza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya kupasua milima, na wageni walimsifu: mzee yule, hata njiani anamwimbia Mungu! Ni kweli alimwimbia Mungu. Lakini alikuwa pia akimpa mama yangu nafasi ya kujificha.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichokiona ni kwamba babu akija, mama anatupa jembe na kukimbia. Baba yangu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Saza, akirudi msimu kwa msimu, na babu ndiye aliyetutunza. Alileta kuni akaziweka kwenye kisiki cha mpakani, akaleta maziwa, akaleta mguu wa mbuzi siku za sikukuu, vyote pale kisikini, kisha akaondoka akiimba. Nikajiambia kwamba mama na babu ni maadui. Babu anajipendekeza, mama hataki.

Na neno "amani" nililidhania kuwa neno baya. Mama alipotufundisha kusali, mahali pa neno hilo alitia neno "pumziko". Mungu awape pumziko. Pumziko liwe nyumbani humu. Nilipopelekwa kwenye mafundisho ya watoto, mwalimu akatuambia tuombeane amani, kila mtoto na jirani yake. Mimi nikamshika mkono mwenzangu nikamwambia, "Mungu akupe pumziko." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaniuliza kama namtakia mwenzangu kifo.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni mwa mama, ambacho nilikijua baadaye sana. Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume. Akiwa na mtoto huyo mgongoni, siku moja alikutana na babu uso kwa uso katikati ya kijito, kwenye gogo la kuvukia, huku maji na huku maji. Hakukuwa na pa kuchutama. Walitazamana. Mwezi haukuisha, mtoto akafa kwa homa. Wanawake walisema waliyosema. Wakamwana wengine wa babu walikwisha kuingia kanisani kwa kujikaza, wakikaa nyuma kabisa wamejifunika shuka, na hakuna kilichowapata. Mama alikwisha kuzika. Na baada ya kuzika alikuwa na mimi, mtoto mmoja tu, na kila Jumapili aliutazama ule mlango akinihesabu vidole.

Kwa hiyo alikuwa hajabatizwa. Mafundisho aliyamaliza mara tatu kwa mke wa mchungaji, majibu yote anayo kichwani, na mara tatu siku ya ubatizo ilifika akabaki chini ya dirisha. Alikuwa akilia, na mimi nilidhani ni moshi wa nguo zake.

Nilikuwa na miaka saba hivi mchungaji alipokuja nyumbani. Alikaa uani kwenye kigoda, babu akakaa pembeni ameupa mgongo mlango wetu, na mama alikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa fito. Mimi niliwekwa katikati niwe mdomo wao, maana mama na babu hawakusemezana moja kwa moja. Kila mtu alimsikia kila mtu, lakini ilibidi mimi nirudie. Nilidhani wote wamekuwa viziwi kwa ghafla.

"Mwambie mama yako," akasema mchungaji, "woga huu ni wa giza. Kristo ameuondoa. Mkwe wake mwenyewe amekwisha kumwachia."

Nikarudia. Mama akajibu kutoka ndani, "Mwambie mchungaji ni kweli. Baba ameniachia mara mbili, kwa maneno na kwa mbuzi wa kuondoa mwiko. Yeye ameniruhusu. Miguu yangu ndiyo haijaniruhusu."

"Basi kanisa litamngoja mpaka lini? Mzee, sema neno. Wewe unaamini kwamba ulimwua yule mtoto?"

 Babu alikuwa akikisugua kile kidole kisicho na ukucha. "Mimi siamini," akasema. "Lakini mimi si niliyemzaa, wala si mimi niliyelala naye mgongoni siku zile zote akiungua. Siwezi kumpimia mtu woga wa mtoto wake." Kisha akasema lile jambo, taratibu, kama mtu anayepanga kazi za kesho. "Mchungaji, nyumba ya Mungu ina nafasi, ila sisi wawili hatuenei. Nitoke mimi. Mimi nimekaa ndani siku nyingi, nimekula mezani pale, nimeshiba. Yeye hajaonja."

"Utoke? Wewe ni mzee wa kanisa!"

"Ndiyo. Na wa nyumba hii pia. Nikiulizwa mbinguni, nitasema nini? Kwamba nilikula, na mwanangu amekaa kwenye matope?"

Nikageuka kumpelekea mama maneno hayo, kama nilivyofundishwa. Nikamkuta amekaa chini, ameuma kitenge, ananipungia mkono nisiseme.

Jumapili iliyofuata walibadilishana. Mama aliingia kwa mlango wa wanawake, amenishika mpaka mkono ukaniuma, na babu akatoka akasimama nje, pale pale chini ya dirisha alipokuwa akikaa mama. Baada ya miezi michache mama alibatizwa. Alikula mkate wa meza ya Bwana akiwa amefumba macho. Kisha mchungaji alikwenda dirishani, akautoa mkate nje, na mimi nikauona mkono wa babu ukipanda kuupokea. Ulikuwa mkono tu, na lile dole gumba bila ukucha. Mama aliketi upande wa ukuta ule ule, asiweze kuuona.

Mngedhani nilifurahi. Nilipata aibu. Katika kanisa letu waliokaa nje na kunyimwa nafasi ni wale waliotengwa, kwa ulevi au kwa kuongeza mke, na watoto wenzangu waliyajua hayo kuliko mimi. "Babu yako ametengwa," wakaniambia. Kiti chake cha mbele alikuwa amekikalia mtu mwingine. Mimi nikaunganisha mambo kwa akili yangu: babu na mama walikuwa maadui, wamepelekana kwa mchungaji, mama ameshinda.

Nilimfuata babu nikamuuliza. Alikuwa akichonga mpini. "Babu, ulifanya dhambi gani?"

Akaniangalia, akaona sifanyi mzaha. "Dhambi yangu? Nimezaa wana wa kiume. Wana wa kiume huoa." Akaendelea kuchonga, akitabasamu na mpini wake. Mimi nikaenda nimebeba jambo hilo zito. Wiki ile mwalimu wa mafundisho alipotuuliza tutaje dhambi, nilitaja kuzaa wana wa kiume, na safari hii hata mwalimu alicheka.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa lile jiwe. Siku moja ya mvua nilimwona mama akiling'oa jiwe lake la kusagia, lililochimbika katikati kwa miaka ya kusaga ulezi. Akajitwisha kichwani, akapanda nalo kilima chote mpaka kanisani, shingo ikitikisika, akalitua chini ya dirisha na kulikanyaga lizame vizuri. Nikakumbuka kwamba shuleni mtoto mkorofi husimamishwa juu ya kitu ili kila mtu amwone. Mama ameamua kumwongezea mzee wa watu adhabu. Sikufikiri hata kidogo kwamba mama aliyajua matope ya pale kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikaa ndani yake miaka mingi.

Jumapili iliyofuata watu walipotoka, babu alikuwa juu ya jiwe, miguu mikavu, ananyosha mkono anishike kama kawaida. Nilipita. Nilijifanya namtafuta mtu, nikapita mbele ya mkono ule, na niliuona ukirudi chini. Hakunisema. Kesho yake alfajiri alisimama uani kwetu akaniombea kwa jina, la kwanza kabla ya wote. Hilo linaniuma mpaka leo, na sitarajii litapoa.

Alisimama pale miaka tisa. Nyinyi mnaojua baridi ya milima ile mwezi wa sita, na ukungu unaoingia mpaka kwenye mifupa, hesabuni wenyewe. Mkono ule dirishani ulianza kutetemeka, kisha ukawa unapanda kwa shida. Kikohozi chake kilikuwa kinaingia ndani katikati ya sala, na kila kikohozi mama aliinama kidogo, kama aliyepigwa kibao. Jumapili moja ya mvua kubwa hakustahimili. Aliinuka katikati ya mahubiri akatoka ili babu aingie. Babu alipomsikia mlangoni akaondoka jiweni, akaenda zake kusimama mbali, kwenye mvua tupu, ameupa uwanja mgongo. Aliniita mimi. Nilikuwa binti mkubwa sasa, na nilikwisha kuelewa.

"Mwambie mama yako," akasema, "akibaki nje tutalowa wawili, na nafasi niliyoiacha itakaa bure."

Nikamwambia mama. Akasimama kidogo, maji yanamtiririka usoni, kisha akarudi ndani. Alikuwa amechoka, mama yangu. Sote tulichoka. Kupendwa namna ile nako kunachosha, jamani, maana huna pa kulipia.

Babu alifariki mchana mmoja wa jua, kitandani kwake, wana wote wamewahi, baba pia amefika kutoka Saza. Hakuwa na maneno makubwa ya mwisho. Aliuliza kama kuni zimepelekwa kisikini. Siku ya mazishi mama alisimama migombani, mbali, amejifunika, na uso wa mkwe wake hakuuona hata siku ile. Katika maisha yake yote aliuona mara moja tu, juu ya gogo la kijito.

Nimempigia mpwa wangu. Nimemwambia wasiliingize jiwe ndani. Waliache nje, pale pale, hata kama dirisha halipo, maana aliyelisimamia alichagua nje kwa akili zake timamu, na aliyelibeba alilibeba kwa ajili ya nje. Akasema kamati itasikitika. Nikasema isikitike.

Na hili sikumwambia kwenye simu. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi tulikwenda kanisani, mama na mimi. Ibada ilikuwa kama ibada zote. Wakati wa mkate mchungaji alipiga hatua mbili kuelekea dirishani kwa mazoea, akakumbuka, akarudi. Mwishoni akainua mikono, akasema, "Nendeni kwa amani." Watu wakaitikia amina, wakatoka. Mimi nikasimama. Mama hakusimama. Alikuwa ameketi ameweka mikono mapajani, na kitenge kimemwangukia mabegani, kichwa wazi, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile.

"Mama, watu wamekwisha. Twende."

Alitazama dirishani, pale ambapo hakuwahi kuthubutu kutazama.

"Ametuambia twende kwa Amani," akasema. Alilitaja jina lote, polepole, bila kuziba mdomo. "Sasa twende wapi?"